Mzoa Taka Aliyewatikisa Mabingwa wa Raga

Wako vijana wanaodhani kwamba kuna kazi za heshima na kazi za aibu, na kwamba mtu aliyeanza na kazi ya chini hawezi kupata sifa duniani. Wako pia wanaokata tamaa wanapowekwa katika timu ya pili, wakiona kuwa mambo yao yamekwisha. Makala haya yaeleza habari za mtu mmoja aliyekuwa na mashaka hayo yote mawili kwa wakati mmoja. Jina lake ni Olsen Filipaina.

Kwanza yafaa tuufahamu mchezo wenyewe. Raga iko ya namna mbili. Ile ijulikanayo zaidi kwetu huchezwa na watu 15 kila upande. Ya pili huitwa raga ya ligi, nayo huchezwa na watu 13 kwa muda wa dakika 80. Timu yenye mpira hukimbia nao mikononi, na wapinzani humkamata mchukuzi wa mpira na kumwangusha. Timu ikikamatwa mara 6 bila kufunga, mpira huenda upande wa pili. Atakayefaulu kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani huipatia timu yake pointi 4, na mkwaju upitao kati ya milingoti baada ya hapo huongeza pointi 2.

Asili ya mgawanyiko huu ilikuwa mshahara. Zamani wakuu wa raga ya Uingereza walikataza kabisa mchezaji asilipwe hata senti moja. Sheria hiyo haikuwasumbua matajiri, lakini kaskazini mwa nchi wachezaji wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda, nao walifanya kazi hata Jumamosi. Aliyekwenda kucheza alikatwa mshahara. Basi mwaka 1895 vilabu vya kaskazini vilikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield, vikajitenga ili viweze kuwafidia wachezaji wao kwa siku ya kazi iliyopotea. Fidia ilikuwa shilingi 6. Mwaka 1898 vilabu hivyo viliruhusu malipo ya wazi, lakini kwa sharti kwamba kila mchezaji awe na kazi nyingine halali. Hivyo tangu mwanzo mchezo huu ulikuwa wa watu wa kazi. Ulifika pia Nyuzilandi, na mashindano ya Sydney, Australia, yakaanza mwaka 1908.

Sasa tumrudie Filipaina. Alizaliwa mwaka 1957 katika mji wa Kaikohe, kaskazini mwa Nyuzilandi. Baba yake alikuwa Msamoa na mama yake Mmaori, yaani wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Samoa ni visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyotawaliwa na Nyuzilandi mpaka vilipopata uhuru tarehe 1 Januari 1962. Katika miaka ile Wasamoa wengi walihamia mji wa Auckland, wakaajiriwa katika viwanda, nao wakakaa zaidi katika mitaa ya kusini. Filipaina alikulia huko, katika mtaa wa Mangere East, na huko ndiko alikojifunza raga ya ligi. Mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 20, alikwisha kuichezea timu ya taifa.

Mwaka 1980 alivuka bahari kwenda Sydney kukichezea kilabu cha Balmain. Msomaji asidhani kwamba alikwenda kuishi kitajiri kama wachezaji mashuhuri wa siku hizi. Malipo ya mpira wakati ule hayakutosha kumweka mtu, na wachezaji wengi walikuwa na kazi nyingine. Yeye alizoa taka. Alidamka kabla ya mapambazuko, akakimbia nyuma ya gari akibeba mapipa nyumba kwa nyumba, kisha jioni akaenda mazoezini.

Tena wachezaji wa asili ya Pasifiki walikuwa wachache sana katika mashindano yale. Filipaina alitukanwa kwa sababu ya rangi yake, na matusi hayo yalimuumiza moyo. Hata hivyo hakuuacha mchezo.

Mwaka 1985 alihamia kilabu cha Eastern Suburbs, na huko akawekwa katika kikosi cha pili. Mwaka huohuo Nyuzilandi ilikuwa icheze mara tatu na Australia. Australia ilikuwa timu ya kuogofya. Mwaka 1982 ilizuru Uingereza na Ufaransa bila kushindwa hata mara moja. Nahodha wake mwaka 1985, Wally Lewis, alisifiwa hata akaitwa Mfalme. Mwalimu wa timu ya Nyuzilandi, Graham Lowe, alimchagua Filipaina avae jezi namba 6 na kukabiliana na Lewis mwenyewe. Fikiri, mtu asiyepata nafasi katika kilabu chake apewa kazi ya kumzuia mchezaji bora wa Australia!

Katika mchezo wa kwanza, mjini Brisbane, Australia ilishinda kwa pointi 26 kwa 20. Wa pili, mjini Auckland, ilishinda 10 kwa 6, nayo iliokolewa na bao la dakika za mwisho. Wa tatu, hukohuko Auckland, Nyuzilandi ilishinda 18 kwa 0. Ingawa Australia ilipata ushindi mara mbili kati ya tatu, watu wengi walikiri kwamba mzoa taka alimzidi Mfalme. Na michezo ilipokwisha, alirudi Sydney kwenye gari lake la taka.

Filipaina alimalizia miaka yake ya mashindano makubwa ya Sydney katika kilabu cha North Sydney, mwaka 1986 na 1987, kisha akaendelea na kazi yake. Mwaka 2020 kitabu cha maisha yake kilitolewa. Alifariki Februari 2022, akiwa na umri wa miaka 64. Mnamo Novemba mwaka huohuo timu ya Samoa iliishinda Uingereza 27 kwa 26 mjini London, ikafika fainali ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Ilishindwa na Australia, lakini dunia iliiona. Siku hizi karibu nusu ya wachezaji wa ligi kuu ya Australia ni wa asili ya Pasifiki. Filipaina alikuwa miongoni mwa waliofyeka njia hiyo.

Twajifunza nini? Kwamba kikosi cha pili si kaburi, maana aliye tayari huweza kuitwa siku yoyote. Kwamba miguu huchoka mapema, lakini mtu mwenye kazi hali jasho la wengine. Na kwamba yule azoaye taka za mji wetu alfajiri, tunayempita bila hata kumwamkia, huenda ana uwezo ambao hatujapata kuuona. Tumwamkie.