Hela, heller na Kijerumani cha Dukani

Ndugu msikilizaji, juma lililopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinijia nyumbani na daftari mkononi. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, habari za masomo?" Akaketi, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, nimekariri maneno mengi ya Kijerumani, daftari limejaa. Lakini jana mwalimu alijifanya muuza duka, akaniambia ninunue mkate, nikabaki kimya."

Binti huyu ni muuguzi. Baada ya miezi mitatu anatarajia kwenda Ujerumani kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kazini atakuwa na wenzake wa kumsaidia. Dukani ataingia peke yake, tena katika siku ya kwanza au ya pili, maana njaa haimngoji mtu amalize kozi.

Hayuko peke yake katika safari hiyo. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanajifunza lugha hiyo kwa ajili ya kazi, na Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi. Kwa hiyo leo natoa mazungumzo yangu kwa wale wenye daftari lililojaa na mdomo ulionyamaza.

Kwanza tukumbuke kwamba Kiswahili na Kijerumani vilikwisha kutana sokoni. Wakati wa ukoloni wa Wajerumani hapa kwetu, rupia moja iligawanywa katika pesa 64. Mwaka 1904 hesabu hiyo ikabadilishwa, rupia ikawa na heller 100. Wajerumani waliondoka na sarafu yao ikafa, lakini neno likabaki. Ndiyo "hela" tunayoitafuta kila siku.

Sasa twende dukani. Kosa la mpwa wangu lilikuwa kujifunza majina yakiwa uchi. Ameandika "Brot" ni mkate, "Milch" ni maziwa, "Apfel" ni tofaa, basi. Katika Kijerumani kila jina lina kitangulizi chake: "der Apfel", "die Milch", "das Brot". Makundi ni matatu, na mara nyingi maana ya neno haikusaidii kujua liko kundi gani. Tazama meza ya chakula: kijiko ni "der Löffel", uma ni "die Gabel", kisu ni "das Messer". Vyote vinatoka kabati moja, lakini kila kimoja kina njia yake.

Mzungumzaji wa Kiswahili asiliogope jambo hili. Sisi tunasema kisu kikali, maji makali, pilipili kali, wala hatusiti. Tumezoea jina kuvuta maneno mengine nyuma yake. Tofauti ni kwamba kwetu umbo la neno mara nyingi hutuonyesha ngeli, na kwao kitangulizi ndicho kinachoonyesha. Basi kiandike pamoja na jina, ukikariri vyote viwili kama neno moja.

Faida yake utaiona unapoagiza. Kitu kinachonunuliwa kinapokuwa cha kundi la "der", kitangulizi hubadilika. Tofaa moja ni "ein Apfel", lakini ukiliomba utasema "einen Apfel". Makundi mengine mawili hayabadiliki: "eine Gurke", tango moja, na "ein Brot", mkate mmoja. Kwa hiyo kuna badiliko moja tu la kukumbuka. Ukitaja kipimo, kazi ni nyepesi zaidi: "zwei Kilo Tomaten", kilo mbili za nyanya. Wao hawatii hata hiyo "za" yetu.

La pili ni adabu. Kitenzi cha kutaka ni "wollen", na mwanafunzi hukimbilia kusema "ich will". Si kosa la sarufi, lakini mbele ya muuzaji linasikika kama amri. Fikiri mtu anayeingia duka la mtaani kwetu na kusema "Nataka chumvi!" Sisi husema "Naomba chumvi", ingawa fedha tunayo mkononi. "Naomba" yao ni "ich möchte", au "ich hätte gern". Ile ö ya "möchte" itamke kama e huku midomo umeiviringa kama ya kutamka o. Anza na "Guten Tag", tia "bitte" katika ombi lako, na mtu usiyemjua mwite "Sie", neno la heshima.

Kumbuka pia kwamba ukiulizwa kama unataka kitu kingine ukajibu "danke" peke yake, muuzaji huelewa kuwa umekataa. Hapo hatuna haja ya kufundishwa. Ukikaribishwa chakula kwetu ukajibu "asante" bila kusogea mezani, mwenyeji anajua umeshiba.

Kwenye nguo utakutana na sentensi zinazofanana sana na zetu. Mjerumani akipenda jaketi husema "Die Jacke gefällt mir", yaani jaketi hili linanipendeza. Likimwenea, husema "Die Jacke passt mir". Jaketi ndilo linalotenda, na mtu ndiye anayetendewa, kama kwetu. Mpwa wangu aliposikia hivyo alicheka, akasema kwa nini hakuambiwa mapema.

Mahali pagumu ni hesabu, na hapa nina kisa changu mwenyewe. Mwaka 2011 nilikuwa mjini Bonn kwa mafunzo. Baridi ilinipata, nikaingia duka moja kununua jaketi. Muuzaji akataja bei: "vierundfünfzig". Nikasikia "vier", nne, kisha "fünf", tano. Nikahesabu euro 45, nikaziweka mezani. Yule mama akanitazama, nami nikamtazama. Akarudia, nami nikasukuma zile zile 45. Nyuma yangu watu wamepanga foleni. Bei ilikuwa euro 54. Wajerumani, kuanzia 21 hadi 99, hutaja mamoja kwanza na makumi baadaye: nne na hamsini. Waliosoma Kiarabu wanaujua mpango huu. Mimi siku ile nilionekana mtu anayetaka kupunja, na sikuwa na maneno ya kujitetea.

Maneno hayo yako, na laiti ningekuwa nayo. "Wie bitte?" ni kuomba mtu arudie. "Können Sie das bitte aufschreiben?" ni kumwomba akuandikie. Nawashauri vijana wajifunze sentensi hizi mbili kabla ya majina ya matunda. Mwenye kuweza kusema hakusikia hadhalilishwi na kutosikia.

Yako pia maneno ambayo ukiyachanganya utarudi mikono mitupu. "Drogerie" si duka la dawa za homa, bali huuza sabuni, mafuta ya mwili, dawa ya meno na vitu vya namna hiyo. Dawa ya homa inauzwa "Apotheke", na humo utasema "Ich brauche etwas gegen Fieber", nahitaji kitu cha kutuliza homa. Siku ya Jumapili maduka mengi hufungwa, kwani mapumziko ya siku hiyo yanalindwa na katiba yao. Lakini duka la dawa la zamu huwapo, na neno la kutafuta mlangoni ni "Notdienst".

Neno jingine ni "Pfand". Tangu mwaka 2003 chupa na makopo mengi ya vinywaji ya kutumika mara moja yana amana ya senti 25. Ukikirudisha chombo dukani unarudishiwa fedha yako. Aliyewahi kuacha hela ya chupa ya soda kwa muuza duka wetu ameshaelewa.

Tulipomaliza, niligeuza meza yangu kuwa duka, mimi nikawa muuzaji. Mpwa wangu akasimama, akavuta pumzi. "Guten Tag. Ich hätte gern ein Brot und einen Apfel, bitte." Nikamtajia bei haraka haraka, kwa makusudi. Hakutoa fedha. Akasema, "Wie bitte?" Nikajua huyo sasa anaweza kusafiri.

Ndugu msikilizaji, mgeni hahukumiwi kwa wingi wa maneno aliyokariri. Apatacho ni kile anachoweza kuomba kwa adabu, na kile anachoweza kuuliza tena bila kuona haya. Kama una kijana nyumbani anayejiandaa kwa safari ya namna hiyo, jioni ya leo geuza meza yako kuwa duka, umwuzie mkate.

Hadi juma lijalo, kwaherini.