Swali la Mzulu kwa Askofu

John William Colenso, Mwingereza aliyesomesha hesabu kabla ya kufanywa Askofu wa Natal, alikuwa akitafsiri habari za gharika kwa Kizulu, ndipo msaidizi wake, William Ngidi, akamsaili kama ni kweli kwamba wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, waliingia katika safina ya Nuhu. Askofu, kwa kuwa hakuthubutu kunena uongo kwa jina la Mwenyezi Mungu, hakuweza kujibu naam.

Tangu 1862 akatoa vitabu vyake juu ya Taurati, akizikagua hesabu zake kama tajiri akaguavyo daftari: wanaume laki sita waliotoka Misri, wangewezaje kukusanyika mlangoni pa hema moja? Wakubwa wa kanisa wakaghadhibika. 1863 akahukumiwa Cape Town kwa uzushi, na 1865 mahakama ya rufani ya London ikaibatilisha hukumu ile.

Waliomwita kafiri, nadhani, hawakumsoma sawasawa, maana dini hakuiacha: alidumu Natal hata alipofariki 1883, baada ya kuwapoteza marafiki wengi miongoni mwa walowezi kwa kumtetea Langalibalele, mtawala wa Wahlubi, aliyedhulumiwa na serikali.