Chai ya Nyamira na dola za Karachi

Kwenye kituo cha kununulia majani karibu na Kebirigo, karani huning'iniza mfuko kwenye mizani, mashine ndogo inatema risiti ya kilo, na lori la kiwanda huondoka na mzigo. Chai ikishakauka na kupangwa daraja huelekea kwenye mnada wa Mombasa, ambako huuzwa kwa dola. Mnunuzi wake mkubwa ni Pakistan, kwa hiyo ukata wa dola kule huwagusa pia wakulima wa huku Gusii.

Juni 2022 waziri wa mipango wa Pakistan, Ahsan Iqbal, aliwaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku, kwa kuwa nchi ilikuwa ikikopa ili kuinunua. Alichekwa sana. Miezi minane baadaye kicheko kilikuwa kimekauka: akiba ya benki kuu ilishuka chini ya dola bilioni 3, kiasi kisichofikisha wiki tatu za bidhaa kutoka nje. Makontena yakarundikana bandarini Karachi, yakiwemo ya chai, kwa sababu benki hazikuwa na dola za kuwalipa wauzaji.

Kenya nayo ilikuwa na lake. Mwaka 2014 ilikopa katika soko la kimataifa, na deni la dola bilioni 2 likapangwa kulipwa lote kwa mpigo Juni 2024. Januari mwaka huo akiba ilikuwa karibu dola bilioni 7, chini kidogo ya miezi minne ya uagizaji ambayo Benki Kuu hutakiwa kujitahidi kuwa nayo. Kwa mtazamo wa haraka, Kenya ilikuwa tajiri ikilinganishwa na Pakistan. Hata hivyo dola moja iligharimu zaidi ya shilingi 160, na wenye dola walizikalia kwa hofu ya malipo ya Juni.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwenye shilingi elfu hamsini benki na karo ya elfu arobaini na tano wiki ijayo hana elfu hamsini za kutumia. Wachambuzi wa akiba hutazama kwanza fedha ambazo lazima ziondoke ndani ya miezi 12: madeni yanayoiva, riba, na dola ambazo benki kuu imekwisha kuahidi kuzitoa. Kwa Pakistan, sehemu kubwa ya mzigo huo ilikuwa fedha za China, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, ambazo wenyewe wangeweza kukubali kuziacha mwaka mwingine. Rafiki hubembelezwa. Julai 2023, Shirika la Fedha la Kimataifa lilipoidhinisha mkopo wa dola bilioni 3, Saudi Arabia iliongeza bilioni 2 na Falme za Kiarabu bilioni 1.

Wenye hati za deni la Kenya walikuwa wawekezaji waliotawanyika duniani, na tarehe yao ilikuwa moja. Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ikanunua sehemu kubwa ya deni la zamani, na safari hii malipo yakagawanywa kati ya 2029 na 2031. Riba ya deni la 2014 ilikuwa asilimia 6.875, kwa hiyo deni jipya lilikuwa ghali zaidi. Lakini soko lilitulia mara moja, na kabla ya Aprili dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 130.

Hapo ndipo hesabu ya Hazina na ya mkulima zinapoachana. Chai iliyouzwa kwa dola ileile sasa ilileta shilingi chache. Wakulima wa Kisii na Nyamira walipolalamikia bonasi duni mwaka 2025, kuimarika kwa shilingi kulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa na KTDA, wakala wa viwanda vya chai vya wakulima wadogo, pamoja na bei ya mnadani. Kwa familia zinazotumiwa fedha na jamaa walioko Minnesota, Marekani, ni vivyo hivyo: dola mia zilizokuwa shilingi elfu kumi na sita zikawa elfu kumi na tatu, na karo haikushuka.