Joto la Kaskazi: Poza Maji ya Samaki Wako kwa Gharama Nafuu

Kati ya Januari na Machi, jua la kaskazi huwa kali hapa Pwani. Mkaazi anayefuga tilapia katika kidimbwi kidogo au tangi la plastiki nyuma ya nyumba anaweza kulala akiwa na samaki wazima, akaamka na kuwakuta wakielea. Samaki aliolishwa kwa miezi mingi hupotea kwa usiku mmoja. Hasara hii inaweza kuzuiwa bila mashine ya bei ghali.

Kwa nini maji moto huua

Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji yanapopata joto hubeba oksijeni kidogo. Maji baridi yenye nyuzijoto 20 za sentigredi hubeba takriban miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba takriban miligramu 7.5. Wakati huohuo, mwili wa samaki katika joto huhitaji oksijeni zaidi.

Saa ya hatari zaidi si adhuhuri bali alfajiri. Mchana mwani wa kijani hutoa oksijeni, lakini usiku huivuta, hivyo kabla ya jua kuchomoza huwa imebaki kidogo sana. Aidha, amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula huzidi kuwa sumu maji yanapopata joto.

Pima joto kwa kipimajoto saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Tilapia hustawi kati ya nyuzi 25 na 30. Yakipita 32, chukua hatua.

Hatua za gharama nafuu

1. Ongeza kina. Maji ya kidimbwi yasipungue mita moja. Maji ya kina kifupi hupata joto upesi.

2. Weka kivuli. Ezeka makuti au tandaza neti ya kivuli juu ya takriban nusu ya kidimbwi, hasa upande wa magharibi ili kuzuia jua la alasiri. Inua paa ili upepo upite, na uondoe majani yanayoanguka majini kwa sababu yakioza hula oksijeni.

3. Tumia kanuni ya mtungi. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu unyevu hukauka kutoka nje yake na kuondoka na joto. Zungushia tangi magunia ya katani, yaloweshe mara kwa mara, na uliweke tangi kivulini penye upepo. Siku zenye unyevu mwingi hewani na zisizo na upepo, njia hii huwa dhaifu.

4. Usitegemee barafu. Tangi la lita 1,000 huhitaji karibu kilo 9 za barafu kushusha nyuzi moja tu. Lita moja ya maji ikikauka kutoka kwenye gunia huondoa joto karibu mara tano ya lile linaloondolewa na kilo moja ya barafu.

5. Badilisha maji kwa kiasi. Toa robo ya maji kutoka chini, palipo na uchafu, kisha ujaze mapya asubuhi mapema. Usitumie alasiri maji ya tangi jeusi lililokaa juani. Maji ya mfereji yenye klorini yaache wazi kwa siku moja kwanza. Usibadilishe maji yote kwa mara moja. Mshtuko wa joto pia huua.

6. Punguza chakula. Lisha asubuhi jua likishapanda, wala si jioni. Maji yakipita nyuzi 35, acha kulisha. Usitie mbolea ya samadi wakati wa joto kali.

Ukiona dalili za hatari

Tilapia wakipanda juu na kutwetea, wakikusanyika maji yanapoingilia au wakikataa chakula, usingoje. Ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu kupitia debe lililotobolewa kwa msumari. Matone hubeba hewa. Kama huna maji mapya, chota yaliyomo kwa ndoo na uyamwage tena kutoka juu, hadi samaki watulie. Kambare ni tofauti: hupanda juu kuvuta hewa hata akiwa mzima, kwa hivyo mtazame zaidi kama anakula.

Samaki waliokufa watoe mara moja na uwazike mbali na kisima. Usiwauze wala kuwapika, kwani chanzo cha kifo huenda kikawa ugonjwa au sumu. Wakifa wengi kwa pamoja, mjulishe afisa wa uvuvi wa eneo lako siku hiyohiyo, na umweleze joto ulilopima, saa uliyowaona na chakula walichokula mwisho. Maelezo hayo humsaidia kujua haraka kama tatizo ni joto au ni jambo linaloweza kuenea kwa majirani.