Mjumbe wa Kikundi Anapokwenda Mkutano Nairobi

Kikundi kikipata barua ya mwaliko wa mkutano wa Nairobi, kwanza ni furaha, kisha yanakuja maswali. Nani aende? Atalala wapi? Tumpe pesa ngapi? Tungependa kuwasaidia kuyajibu, maana pesa anazobeba mjumbe si zake. Ni shilingi zilizochangwa kidogo kidogo siku za soko. Akiibiwa au akilala pahali pabaya, kesho yake atasinzia mkutanoni, na kikundi kizima kitakosa yale kilichomtuma akasikie.

KABLA YA KUONDOKA

Someni ile barua polepole, tena mbele ya kikundi chote. Tafuteni jambo moja: waliotualika wanalipa nini? Kuna mikutano inayolipa malazi na chakula lakini hailipi nauli. Kuna mingine inayosema "nauli itarudishwa". Hiyo maana yake ni kwamba mtalipa kwanza ninyi, halafu mjumbe aonyeshe risiti. Kama barua haisemi wazi, katibu apige simu na kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Halafu mwekahazina aandike hesabu: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, nauli ya ndani ya mji kila siku, malazi, chakula, na pesa kidogo za dharura. Nauli ya kurudi iwekwe kando, isiguswe.

Zamani kina mama walifunga pesa kwenye ncha ya leso. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, hakuna haja ya kusafiri na pesa zote mfukoni. Mjumbe abebe za siku moja, na mwekahazina amtumie nyingine zikihitajika. Asisahau kitambulisho, kwa maana bila hicho wakala hampi pesa. Nambari ya siri asimwambie mtu yeyote, hata yule anayepiga simu akisema ni wa kampuni ya simu.

Abebe pia sweta. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni hadi Agosti baridi yake si mchezo, hasa kwa mtu wa Pwani au wa kando ya ziwa. Mzigo usiwe katika karatasi ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya nzima Agosti 2017. Kiondo kinatosha.

NJIANI

Shauri letu kubwa ni hili: fika Nairobi jua likiwa bado liko juu. Basi likikushusha saa nne za usiku mjini usikoujua, utamfuata yeyote anayesema "twende nikuonyeshe". Ni afadhali kufika siku moja mapema na kulipia kitanda usiku mmoja zaidi.

Wanaotoka Mombasa, Voi au Mtito Andei wanaweza kupanda gari la moshi la reli mpya iliyofunguliwa 2017. Lakini jueni kwamba stesheni yake haiko katikati ya mji. Iko Syokimau, na kutoka hapo inabidi kupanda gari lingine hadi mjini. Hiyo nauli ya pili iwe kwenye hesabu.

Chakula au kinywaji cha mtu usiyemjua, hata akiwa mkarimu namna gani, kataa kwa heshima. Wako wanaotia dawa ya usingizi. Watu wa mjini huiita "mchele". Msafiri huamka hana simu, hana pesa, hana begi.

PA KULALA

Msingoje kufika ndipo mtafute. Makanisa mengi yana nyumba za wageni Nairobi, na YMCA na YWCA pia zina vyumba. Si lazima uwe mshiriki wao. Pigeni simu mapema na kuuliza haya:

- Bei ni ya chumba au ya mtu mmoja? Wajumbe wawili wakilala chumba kimoja, watapunguziwa?
- Chai ya asubuhi imo ndani ya bei?
- Lango hufungwa saa ngapi usiku?
- Ni matatu ngapi kutoka hapo hadi pahali pa mkutano?

Swali la mwisho ni muhimu. Lojingi ya bei ya chini iliyo mbali, ukijumlisha nauli ya asubuhi na jioni, yaweza kuwa ghali kuliko ile ya karibu. Na mvua ikinyesha, makanga hupandisha nauli bila kuomba ruhusa ya mtu.

KUTEMBEA MJINI

Tafuta alama ya kukuongoza. Iliyo nzuri ni jumba la KICC, lile refu la mviringo lenye ghorofa 28. Lilifunguliwa mwaka 1973, na mwaka huo huo Benki ya Dunia ikafanya mkutano wake hapo.

Katika matatu, usishike simu karibu na dirisha lililo wazi. Ukiona watu wamezunguka mchezo wa karata wa pata potea, pita. Wale unaowaona wakishinda ni wenzake mwenye karata. Mtu akiokota bunda la noti mbele yako na kutaka mgawane, usisimame. Ukipotea, ingia dukani au benki ukamwulize askari wa mlangoni.

MAMBO YA KUONA

Si dhambi mjumbe kuona mji baada ya kazi. Tena kuna ya kumfunza.

Makumbusho ya Taifa yako Museum Hill. Huko kuna mifupa ya kijana aliyeishi kando ya Ziwa Turkana yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Aliyeigundua mwaka 1984 ni Mkenya, Kamoya Kimeu. Nje kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyekufa 1974.

Mbuga ya Nairobi ilianzishwa 1946, ya kwanza nchini. Kuingia ndani kunahitaji gari, lakini pale lango kuu la barabara ya Lang'ata kuna makao ya wanyama yatima, ambako mtu hutembea kwa miguu. Kiingilio hulipwa kwa simu, si kwa noti, na Mkenya mwenye kitambulisho hulipa kidogo kuliko mgeni.

Asiye na pesa ya kiingilio aone Uhuru Park. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 humo. Wangari Maathai na kina mama wa Green Belt wakapinga, na jumba halikujengwa. Vikundi vyetu vinavyopanda miti vina jamaa yao hapo.

AKIRUDI NYUMBANI

Mjumbe awe na daftari moja tu. Upande wa mbele aandike yaliyosemwa mkutanoni, na majina ya vikundi vingine aliokutana navyo. Upande wa nyuma aandike kila shilingi iliyotumika. Matatu za mjini mara nyingi hazitoi risiti, kwa hivyo aandike tarehe, alikotoka, alikokwenda na nauli, siku hiyo hiyo. Ndani ya wiki moja asimame mbele ya kikundi, asome pande zote mbili. Kikundi kinachosikia hesabu safi hakitasita kutuma mjumbe tena.

ZUNGUMZENI KIKUNDINI

1. Safari iliyopita tulimchagua mjumbe kwa sababu gani? Anajua kusikiliza na kueleza, au ni kwa kuwa ana cheo?
2. Mama mwenye mtoto mchanga akichaguliwa, tutamsaidiaje ili naye aende?
3. Ni maswali gani matatu tunayotaka mjumbe wetu atuletee majibu?