Rubani anapoichoka sauti inayomlinda

MSOMAJI, kama nawe ulikulia Nakivale, vilima vya Isingiro unavijua kwa miguu. Ukiwa angani ni mambo mengine. Mwaka jana, mimi na walimu wenzangu tuliokuwa tukizuru shule za kambini tulipanda ndege ndogo kutoka Kajjansi hadi kiwanja cha Nyakisharara, Mbarara. Kila tulipokaribia kilima, sauti ilipaza kuwa kuna ardhi mbele. Mara ya tatu rubani alibonyeza kitufe, kukawa kimya. Tuliposhuka nilimuuliza. Alijibu kuwa kilima alikiona kwa macho, na kelele zile zilimzuia kusikia redio.

Kwa kiasi fulani ana haki. Kifaa hicho hujua ndege ilipo kwa msaada wa setilaiti, kisha hulinganisha na ramani ya milima iliyohifadhiwa ndani yake. Kile cha ndege ndogo huonya, ndege ikiwa safarini, inapoelekea kupita chini ya futi 700 juu ya ardhi. Lakini Marekani, kwa mfano, sheria huruhusu ndege ndogo za kukodi kuruka futi 500 mchana kama rubani anaona vizuri. Basi hata anayetii sheria hufokewa njia nzima.

Hata hivyo, ukimya nao una gharama. Tarehe 25 Juni 2015, ndege ndogo ya watalii iligonga mlima karibu na Ketchikan, Alaska, wakafa wote 9. Wachunguzi walikuta swichi ya tahadhari imezimwa. Oktoba 2016, ndege aina ya Cessna Caravan iligonga mlima karibu na Togiak, Alaska hiyo hiyo, wakafa 3. Huko nako wachunguzi walieleza kuwa yaelekea sauti ilikuwa imezimwa.

Milima ya kwetu pia haisamehe. Septemba 1, 2008, ndege ya wafanyakazi wa misaada iliyokuwa ikielekea Bukavu iligonga mlima, wakafa 17. Juni 5, 2018, ndege iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iliangukia Aberdare, wakafa 10. Sisemi kuwa huko nako kifaa kilizimwa. Nasema mlima uliofichwa na wingu hauonekani kwa macho ya rubani yeyote, hata awe mzoefu namna gani.

Kumlaumu rubani peke yake hakutoshi. Onyo linalolia kila siku bila sababu hufundisha watu kutolisikiliza, na ndiyo maana wachunguzi wa Marekani walitaka tahadhari zilinganishwe na kazi ya wanaoruka chini. Hadi hapo, sauti inyamazishwe pale tu hali ya hewa ni safi na ardhi yote inaonekana. Wingu likitanda, iwashwe.

Nasi abiria tuna wajibu. Mfanyabiashara mwenzangu wa mpakani, rubani akisema tusubiri mawingu yapande, usimharakishe kwa sababu ya siku ya soko. Soko la wiki hii likikupita, lipo la wiki ijayo.