Moto ya magurudumu matatu ikilia, tusikilize kabla ya kulipa



Toka Kituku mpaka Birere, toka Ndosho mpaka soko la Virunga, moto za magurudumu matatu zimekuwa mgongo wa biashara yetu. Zinabeba magunia ya makala na maharagi, kabichi za Kibumba, mabeseni ya sambaza, hata viti vya arusi. Vikundi vingi vya wamama vimeweka pamoja pesa za likelemba au za AVEC, vikanunua moto moja, vikampa kijana aiendeshe. Siku inaposimama, minervali ya watoto inachelewa, na mkutano wa kikundi unageuka kuwa mahakama.

Wengi wetu hatushiki usukani. Lakini moto ni yetu, na masikio tunayo. Injini kwa kawaida haifi bila kuonya. Inaonya kwa sauti. Tatizo ni kwamba onyo hilo linamfikia fundi kwa maneno mawili tu: "Inapiga kelele." Fundi anabaki kubahatisha. Anafungua hapa, anabadilisha kile, na sisi tunalipia kiungo ambacho hakikuwa kigonjwa.

Mama hafanyi hivyo kwa mtoto. Kilio cha njaa anakitofautisha na kilio cha homa, na kwenye kituo cha afya anaeleza: ilianza usiku, anashika sikio, akinyonya analia zaidi. Moto pia inataka maswali matatu: sauti inatokea lini, inatoka wapi, na inafanana na nini?

Kwanza: inafuata injini au magurudumu?

Tuanze hapa, kwa sababu jaribio hili halina gharama. Moto isimame mahali palipo sawa, bila vitesi, na dereva aongeze moto wa injini kidogo kidogo. Kama sauti inasikika papo hapo na inaenda kasi pamoja na injini, ugonjwa uko kwenye injini au bomba la moshi. Kama haisikiki, tuzime injini na vijana wawili waisukume kwa mikono. Ikikwaruza au kunguruma wakati inasukumwa, injini haina kosa: tutazame rulema za magurudumu, cheni, fre au ekseli ya nyuma. Jaribio hili la dakika tano linaweza kuzuia injini nzima kufunguliwa bure.

Pili: sauti inafanana na nini?

*Tik-tik-tik nyepesi, juu ya injini.* Kama cherehani. Mara nyingi ni supapu, yaani vilango vinavyoingiza hewa na esansi na kutoa moshi. Nafasi yake, nyembamba kuliko ukucha, imepanuka. Fundi anairekebisha injini ikiwa baridi, na kwa kawaida hakuna kitu cha kununua.

*Pf-pf-pf ya hewa, karibu na bomba la moshi.* Nati zimelegea au kifungio kati ya bomba na injini kimeungua. Masizi meusi pale kwenye kiungo ni ushahidi. Mlio wake unatisha, lakini tiba yake ni ndogo.

*Pa! pa! ndani ya bomba la moshi.* Esansi haiungui vizuri. Tuanze na vitu rahisi: chujio cha hewa kilichojaa vumbi, bujii chafu, karburateri.

*Mlio wa changarawe ndani ya kopo, wakati wa kupanda na mzigo.* Injini inateseka: esansi mbaya, joto kupita kiasi, au moto wa bujii unaowaka mapema. Dereva ashushe vitesi, apunguze mzigo, na tujue esansi ilinunuliwa kwa Kadhafi gani.

*Ko-ko-ko nzito, chini ya injini, inayoongezeka mzigo ukiwa mkubwa.* Hii ndiyo homa kali. Inaweza kuwa chuma kinachounganisha pistoni na mhimili wa injini kimeanza kucheza. Tuzime hapo hapo, hata kama mteja anasubiri. Kuendelea kilomita mbili zaidi kunaweza kuvunja injini yote. Moto ifike kwa fundi kwa kuvutwa.

Kwa sauti yoyote ya ndani ya injini, jambo la kwanza ni kupima mafuta, moto ikiwa mahali sawa na injini imezimwa. Injini hizi ndogo zinabeba lita moja hivi tu. Zikipungua kidogo, upungufu ni mkubwa. Vidanji inayocheleweshwa ili kuokoa franka chache ndiyo chanzo cha ko-ko-ko nyingi.

Goma yetu ina magonjwa yake

Tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo. Volkeno hiyo ilimwaga moto tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Katika kata nyingi barabara ni mawe hayo makali na vumbi lake jeusi. Mtikisiko unalegeza nati, vumbi linaziba chujio cha hewa na kula cheni. Kwa hiyo kila juma, kabla ya kuwaza ugonjwa mkubwa, nati zikazwe na chujio kisafishwe.

Tena, mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Karburateri iliyopangwa kwa nchi za chini inatoa esansi nyingi kuliko hewa iliyopo: moshi mweusi, bujii nyeusi, injini inayokohoa. Hapo tumwombe fundi aipange upya, tusikubali haraka kununua pistoni.

Sikio la mkunga

Mkunga anasikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa kipembe cha mti, chombo kinachobeba jina la Mfaransa Adolphe Pinard. Fundi anaweza kufanya vilevile: ncha moja ya kijiti kirefu kikavu kwenye chuma cha injini, nyingine karibu na sikio, akihamisha mahali hadi mahali. Pale mlio unapokuwa mkali, ugonjwa uko karibu. Tumwachie fundi kazi hiyo. Sisi tufunge vitenge na vilemba vizuri, tukae mbali na cheni inayozunguka na bomba la moto, na watoto wasikaribie.

Dereva aruhusiwe kusema

Hapa ndipo pagumu kuliko injini. Kijana anayejua kwamba tutamdai pesa ileile kila jioni, awe amefanya kazi au hapana, ataficha sauti mpaka moto ikatike. Kunyamaza kwake tunakununua sisi wenyewe. Kikundi kikubaliane mapema: siku dereva amesimamisha moto kwa sababu ya sauti, na fundi amekuta ni kweli, hadaiwi pesa ya siku hiyo. Siku moja bila mapato haiwezi kulingana na injini mpya.

Kisha tununue daftari moja ya shule, ikae ndani ya moto. Kila sauti iandikwe: tarehe, lini inasikika, wapi, inafanana na nini, fundi amefanya nini, amelipwa ngapi. Na kila kiungo kilichobadilishwa, cha zamani kirudishwe kwetu tukione. Katika mkutano wa juma hili, kabla ya kuhesabu pesa, tumwite dereva na tumuulize: moto inalia? Lini? Wapi? Halafu tunyamaze, tumsikilize mpaka amalize.